Shimo Linalomtuza Mwoga

Mzee Rula alichora viwanja vya gofu kwa miaka arobaini, na mchezo wenyewe hakuucheza zaidi ya mara mbili tatu. Walioshangaa aliwajibu kwamba anayejenga jela halazimiki kufungwa. Jina la Rula alipewa na mafundi, kwa ajili ya rula ya mbao aliyokuwa akiichomeka kwenye soksi ya mguu wa kushoto, na binti yake, aliyeanza kumfuata nyuma na futi ya kupimia akiwa na miaka kumi na miwili, wakamwita Futi. Majina yakawaganda baba na mwana. Futi sasa alikuwa na miaka thelathini na nane, na bado alikuwa nyuma.

Asiyejua gofu asiogope, habari yenyewe si ngumu. Kila shimo lina mahali pa kuanzia, lina njia ya nyasi, na mwisho wake ni grini, yaani lile zulia la nyasi zilizokatwa fupi kabisa, penye kitundu na bendera. Yapo mashimo ya mapigo matatu, ya manne na ya matano. Mzee Rula aliyadharau marefu. Shimo refu, alisema, hata punda anaweza kulichora, ardhi tu ipatikane. Mapenzi yake yalikuwa mashimo mafupi ya mapigo manne, mita mia mbili na sabini hivi, ambayo mwenye misuli akiyaona anasema hili nalimaliza kwa mawili, kisha anatoka na sita na uso umemshuka. Siri yote ilikuwa kwenye grini. Mzee Rula hakuchora grini za mviringo. Alichora zilizopinda, zenye nundu katikati, zenye pembe moja iliyodidimia, na moja ya ujanani mwake ilikuwa nyembamba hata wachezaji wakasema aliyeichora alikuwa na kisasi na binadamu.

Shimo la saba la klabu ya pembezoni mwa mji lingekuwa la mwisho, alitangaza mwenyewe. Barabara mpya ilikuwa imelimega shimo la zamani, na kipande kilichobaki kilikuwa kifupi, chenye mtaro wa maji upande wa kulia kutoka mwanzo hadi mwisho. Wachoraji wawili walikitazama wakaondoka zao. Mzee Rula alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa kutwa nzima, aliporudi ofisini akachora grini iliyopinda kama kiwiko, mdomo wake ukitazama kulia kwenye mtaro, na mbele yake upande wa kushoto akaweka bakuli refu la mchanga.

Hesabu yake, ambayo hakumweleza mtu, hata Futi, ilikuwa hivi. Upande wa kushoto njia ni pana na tamu, mtu yeyote anaweza kuutua mpira pale akiwa amefumba macho. Lakini akishautua, anainua kichwa na kukuta mchanga uko kati yake na bendera, na nyuma ya mchanga kuna nundu inayotema mpira. Anayethubutu kupiga kulia, ukingoni mwa mtaro, anahatarisha kila kitu, ila akifanikiwa grini inamfungukia kwa urefu wake wote. "Mwoga namwachia raha ya pigo la kwanza," alijisemea Mzee Rula. "Tutaonana naye kwenye la pili."

Sasa tuje kwenye ile tabia yake iliyoleta balaa. Mzee Rula alichora kwenye karatasi nyembamba inayopenya mwanga, na kwenye mchoro wa grini hakuandika neno, wala namba, wala mshale wa kaskazini. Alichora mistari na nukta tu, nukta moja mahali pa chini, tatu mahali pa juu. Anayetaka kusoma, alisema, akanunue gazeti. Hakuona sababu ya kuandika kwa kuwa siku zote alikuwepo mwenyewe uwanjani, amesimama mbele ya mtambo na fimbo yake, akipiga kelele. Karatasi ya namna hiyo haina mbele wala nyuma kwa macho. Ina mbele na nyuma kwa kidole. Upande wa penseli unakwaruza kidogo, upande wa pili ni laini kama kioo. Hilo ndilo somo la kwanza alilomfundisha Futi, hata kabla ya kumfundisha kupima: shika kwanza, ndipo uangalie.

Na kulikuwa na ahadi. "Shimo hili wakilikubali," alimwambia siku alipomaliza mchoro, bila kumtazama, "jina lako litakaa mlangoni pa ofisi chini ya langu. Kiwanja kinachofuata utachora wewe." Miaka kumi na mitano Futi alikuwa akiisubiri sentensi hiyo. Michoro yake mwenyewe baba yake alikuwa akiikunja mara nne na kuiwekea chini ya mguu wa meza unaocheza.

Wiki mbili baadaye mzee aliteleza bafuni akavunjika nyonga.

Basi Futi akaenda uwanjani peke yake. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha ile ya kudonadona, isiyokatika wala kukolea. Dereva wa mtambo wa kuchimbia, ambaye wote walimwita Kijiko kama mtambo wake, alikuwa amekwishawasha injini na alikuwa akitazama saa. Futi aliingia kwenye kontena lililokuwa ofisi, mikono imelowa tope mpaka viwiko, akaichomoa karatasi kwenye bomba lake kwa ncha za kucha asiichafue, akaibandika kwenye kioo cha dirisha kwa utepe wa gundi, akainakili kwa vipimo vya kazi. Hakuishika kwa kidole. Alikuwa akiogopa kuichafua karatasi ya baba. Kisha akatoka, akachomeka vigingi kwenye tope, na Kijiko akafuata vigingi.

Walifanya kazi nzuri, hilo lisemwe. Ile nundu waliitengeneza mara tano mpaka ikakaa. Kijiko, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisema kwamba kama angekuwa na kaburi angependa liwe na mteremko kama ule. Nyasi zikapandwa, mabomba ya kunyunyizia yakawekwa, na wiki ya kumi na moja zikawa zimefunga.

Siku sita kabla ya ukaguzi, Futi alikuwa ofisini mchana akipanga michoro kwenye droo ndefu. Aliishika ile ya shimo la saba, upande ule uliokuwa umetazama chumbani siku ya mvua, alama ya tope ya kucha yake ikiwa bado pembeni. Kidole kikateleza. Akakirudisha, kikateleza tena. Akaigeuza karatasi, na upande wa pili ukamkwaruza.

Alikaa chini pale pale sakafuni. Hakuhitaji kwenda kuangalia, grini nzima alikuwa nayo kichwani. Mdomo ulitazama kushoto. Mchanga ulikuwa kulia. Aliyeutua mpira kwenye raha ya kushoto angefunguliwa mlango, na aliyethubutu kupita kwenye mtaro, akafanikiwa, zawadi yake ilikuwa mchanga na nundu. Shimo la baba yake lilikuwa limegeuzwa likawa tusi kwa kila alichokiamini, na aliyeligeuza ni yeye, kwa kosa ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa amekatazwa kulifanya.

Kusema kulimaanisha kuvunja grini, miezi mitatu mingine ya nyasi, klabu nzima kujua. Lakini tusimsingizie, hayo hayakumtisha sana. Kilichomtisha ni uso wa baba yake. Alijua hatapiga kelele. Angeikunja karatasi mara nne, taratibu, na kuinama chini ya meza.

Mzee alikuwa amerudi nyumbani, anatembea na mkongojo. Shangazi, dada wa mzee, ndiye aliyekuwa akimtunza, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika. Jioni ile Shangazi alimvuta Futi jikoni.

"Baba yako ameanza," alinong'ona.

"Ameanza nini?"

"Juzi ameacha birika motoni mpaka likaungua. Jana ameniita jina la mama yetu, Mungu amrehemu. Mara mbili! Mimi nafanana na mama kweli?"

"Unafanana naye, Shangazi."

"Usinichekeshe. Nakwambia ameanza. Nimeshamwambia na Mwenyekiti wa klabu, siku ya ukaguzi wamwekee kiti, wasimchoshe."

Futi alipaswa kuhuzunika. Na alihuzunika. Lakini chini ya huzuni ile kulikuwa na kitu kingine, chepesi, kinachopumua, nacho kilikuwa ni nafuu. Kama mzee ameanza, huenda asione. Alijichukia kwa wazo hilo, na halikutoka.

Ukaguzi ulikuwa saa tatu asubuhi, jua kali, nyasi zinang'aa. Alikuwepo Mwenyekiti, mtu mnene mwenye adabu nyingi, na wajumbe wawili wa kamati wenye kofia zinazofanana. Kijiko naye alikuja, amevaa shati la kupigwa pasi, kwa kuwa alitaka kusifiwa na yeye. Kiti cha plastiki kilikuwa kimewekwa chini ya mwavuli mahali pa kuanzia. Mzee Rula hakukikalia. Alisimama na mkongojo wake, akaifuata njia kwa macho mpaka kwenye bendera.

"Nani amegusa shimo langu?" aliuliza mwishowe.

Walicheka. Walidhani ni mzaha.

"Nauliza. Hili si langu."

"Mzee, ni lako hili," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Hata kibao kimeandikwa jina lako."

"Kibao hakichezi gofu. Tazama pale. Mdomo wa grini mimi niliutazamisha kulia, kwenye mtaro. Anayethubutu ndiye anayefunguliwa. Sasa huyu aliyethubutu anapigwa na mchanga usoni, na mwoga aliyekaa kule kushoto anakaribishwa kama mkwe! Nani anachora upuuzi kama huu?" Sauti yake ilikuwa imara, na kila neno lilikuwa kweli. "Miaka arobaini sijawahi kumpa mwoga kitu bure. Hata mara moja."

Mwenyekiti alimtazama mjumbe, mjumbe akatazama viatu vyake. Wote walikuwa wameshaambiwa kuhusu birika. Futi aliuona ule mtazamo ukipita kati yao, mtazamo wa watu wanaomhurumia mtu akiwa amesimama mbele yao, akaelewa kwamba baba yake naye ameuona. Uso wa mzee ulibadilika. Ulikuwa na hasira, sasa ukawa na kitu ambacho Futi hakuwahi kukiona juu yake tangu azaliwe. Mzee Rula aliogopa.

"Mzee, umetoka kwenye maumivu makubwa," Mwenyekiti alisema. "Kaa kwanza, upate maji."

"Sitaki maji. Kijiko!"

"Naam, mzee."

"Ulijenga nini?"

"Mimi nilifuata vigingi, mzee wangu," alisema Kijiko, akiomba ardhi impasukie. "Ilivyochomekwa ndivyo nilivyochimba."

Mzee aligeuka polepole, kwa ajili ya nyonga, mpaka akamkabili binti yake.

"Futi. Sema wewe. Nilichora hivi?"

Mambo mengine mtu huyafanya kwa kuyapanga, na mengine mdomo huyafanya wenyewe halafu mwenyewe akabaki nayo maisha yote. Futi alitazama watu watano waliokuwa wakimtazama. Aliona jina lake mlangoni. Aliona karatasi ikikunjwa mara nne. Mtu hupimwa kwa dakika moja kama hiyo, na wengi wetu tuna bahati tu kwamba haikutufikia mbele za watu.

"Ndivyo ulivyochora, baba," alisema. Na kana kwamba hilo halikutosha, akaongeza, "Labda umesahau. Ulikuwa na mambo mengi."

Angemkemea ingekuwa heri. Angemwita mwongo mbele ya kamati nzima, Futi angeanguka miguuni pake na kusema yote. Lakini Mzee Rula, katika maisha yake yote ya kuwashuku makandarasi, wapima ardhi na wauza nyasi, kitu kimoja tu hakukishuku, nacho ni kipimo kilichosomwa na binti yake. Mara ngapi alikuwa amewaambia mafundi, "Mkibishana na huyu mnabishana na futi yenyewe." Sasa futi ilikuwa imesema.

Aliligeukia tena shimo. Alilitazama kwa muda, akipepesa macho.

"Basi," alisema. "Basi ni mimi."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki.

Kamati ililikubali shimo siku hiyo hiyo. Mwenyekiti alimshika Futi mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia ana moyo wa chuma, kumtunza mzazi katika hali ile si mchezo. Mchana Futi alirudi ofisini peke yake, akaufunga mlango, akaichoma karatasi ya shimo la saba ndani ya kopo la rangi. Iliwaka haraka, kwa kuwa ilikuwa nyembamba. Nakala yake ya kazi aliichoma pia. Alipomaliza alikuwa amejihakikishia kwamba hakuna mtu duniani atakayejua, na hakufikiri zaidi ya hapo.

Jina lake liliwekwa mlangoni, na si chini ya la baba yake. Mzee mwenyewe alimwambia fundi wa vibao alitoe lake. "Liondoe tu," alisema. "Watu wasije wakanipa kazi."

Na hapo ndipo adhabu ilipoanza, polepole, kwa vitu vidogo. Mzee Rula aliyekuwa akibishana na redio aliacha kubisha. Akitaka kusema kitu alimtazama kwanza Futi au Shangazi. "Nadhani kodi ya maji tumelipa, au siyo?" Walikuwa wamelipa. "Nadhani fundi bomba ni yule mwenye kovu, ila sijui." Alikuwa ni yule mwenye kovu. Alikuwa sahihi mara tisa katika kumi, kuliko hata Shangazi, lakini kila alipokuwa sahihi alishangaa, na alipokosea mara moja alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeletewa barua aliyokuwa akiitarajia. Usahaulifu wake ulikuwa wa kawaida wa watu wa miaka sabini na nne. Birika huungua katika nyumba za vijana pia. Ila sasa alikuwa ameshajitolea hukumu, na mtu akishajitolea hukumu hutafuta ushahidi mwenyewe.

Futi aliyaona yote. Kila jioni alijiambia kesho, na kesho haikosi kesho yake. Isitoshe shimo la saba lilipata sifa. Wachezaji walilipenda kupita kiasi. Walitua kushoto, wakafunguliwa mlango, wakatoka wanatabasamu na kujiona mabingwa. Wale wachache waliothubutu upande wa mtaro walitukana, wakajifunza, na safari ya pili wakapiga kushoto pamoja na wenzao. Mwenyekiti alisema hajawahi kuona shimo linalowafurahisha wanachama namna ile. Klabu nyingine mbili zikampigia Futi simu, zikitaka shimo la namna hiyo hiyo.

Alizichorea. Kwa mkono wake mwenyewe, kwa makusudi sasa, alichora grini zinazomtuza mwoga, kwa sababu ndizo zilizoombwa.

Mwezi wa tano baada ya ukaguzi, Mzee Rula alikunywa dawa zake za shinikizo la damu asubuhi, kama kawaida. Saa moja baadaye Shangazi alirudi kutoka dukani akauliza, "Umekunywa dawa?"

"Nadhani nimekunywa."

"Hujanywa wewe. Glasi iko kavu kabatini."

Alikuwa amekunywa, akaiosha glasi, akaifuta, akairudisha mahali pake, kwa kuwa alikuwa mtu nadhifu. Alikumbuka kuiosha. Baadaye alimsimulia daktari jambo hilo kinaganaga, hata rangi ya kitambaa alichofutia. Lakini palepale jikoni, akiwa na kumbukumbu yake mkono mmoja na neno la mtu mwingine mkono wa pili, aliitupa kumbukumbu. Akanywa tena. Na mchana, alipoanza kusikia kizunguzungu, akafikiri kizunguzungu ni kwa sababu hakunywa, akanywa mara ya tatu.

Shangazi alimkuta sakafuni.

Hakufa. Alilazwa katika wodi ya vitanda sita, figo zimeathirika, na daktari alimwambia Futi ukumbini, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara mbili tangu asubuhi, kwamba hazitarudi zilivyokuwa. Shangazi alikuwa amejikunyata kwenye benchi akilia na kujilaumu, "Ni mimi, ni mdomo wangu huu." Futi alimkumbatia. Alitaka kumwambia si wewe, na hakumwambia, kwa kuwa neno hilo lilikuwa na mtu wa kuambiwa kwanza.

Alivuta kiti karibu na kitanda. Mzee alikuwa ameamka, amevimba uso, mkono una sindano ya maji. Bila rula kwenye soksi alionekana mfupi.

"Baba," alisema Futi, "nina neno. Usinikatize."

"Sema, mwanangu."

Akasema yote. Mvua, tope, dirisha la kontena, karatasi iliyobandikwa nyuma mbele. Kidole kilichoteleza. Akasema alivyojua siku sita kabla, na alivyodanganya mbele ya kamati akijua anadanganya. "Ulikuwa sahihi, baba. Kila neno. Mdomo ulitazama kulia. Hukusahau kitu. Ni mimi niliyekugeuza ukaonekana umechanganyikiwa, kwa sababu nilikuogopa." Alikuwa analia sasa, kwa sauti, na wagonjwa wa vitanda vingine walikuwa wamegeuza nyuso ukutani kumpa faragha. "Nisamehe au usinisamehe, ila ujue kwamba akili yako ni nzima. Ilikuwa nzima siku zote."

Mzee Rula alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkono usio na sindano, akamfuta machozi kwa kidole gumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata Futi alipokuwa mtoto.

"Una moyo mzuri," alisema.

"Baba, nakwambia ukweli."

"Najua kwa nini unasema hivyo. Shangazi yako amekutuma?"

"Hakunituma mtu!"

"Iko wapi hiyo karatasi?"

"Niliichoma," alisema Futi.

Mzee alitabasamu, tabasamu la huruma, huruma ile ile ya Mwenyekiti siku ile kwenye jua.

"Mwanangu, miaka yote nimekuwa nawe uwanjani. Hujawahi kunidanganya hata kwa sentimita moja. Ndiyo maana siku ile nilikuuliza wewe, sikumuuliza mwingine." Akapumzika, akavuta pumzi. "Leo unadanganya kwa mara ya kwanza, na hujui kudanganya. Mtu abandike karatasi bila kuishika? Wewe? Nilikufundisha mwenyewe."

"Nilikuwa na tope mikononi, baba. Nakuapia."

"Haya, haya. Basi." Alimpigapiga mkono kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Muuguzi alikuwa amefika kubadilisha maji, na mzee akamgeukia, akasema kwa fahari ya chini chini, "Huyu ni binti yangu. Ananibebea makosa yangu ili nisione aibu. Wangapi wana mtoto kama huyu?"

Muuguzi akasema ni wachache.

Futi alibaki amekaa, mikono magotini. Hakukuwa na Kijiko wa kumwita, kwa kuwa Kijiko alijua vigingi tu. Hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na neno lake, lile lile ambalo baba yake aliliamini kuliko macho yake, na alikuwa amelitumia lote siku ya ukaguzi.

Muuguzi alipoondoka mzee alilala kidogo, akaamka, akatazama dirisha.

"Leo ni Jumatano?" aliuliza. Kisha haraka, kabla hajajibiwa, "Hapana. Sijui. Nimesema tu. Ni siku gani leo, Futi? Wewe ndiye unayejua."

"Ni Jumatano, baba. Umepatia."

"Haya, mwanangu," alisema Mzee Rula kwa upole, na alivyolisema, Futi alijua kwamba hata hilo hakuliamini.